Kaulimbiu ya Kenchi

Kama ungemwona Masanja anavyokula makongoro, ungemhurumia yule ng'ombe mara ya pili.

Alikuwa amekaa katikati ya duka la ushonaji la Mzee Abdurahmani, Tarime mjini, juu ya stuli ambayo tangu aikalie hakuna aliyeiona tena. Bakuli lilikuwa mapajani. Alifyonza mfupa, akaugonga kwenye ukingo wa bakuli, akaufyonza tena, akauchungulia kwa jicho moja, kisha akafuta vidole kwenye fulana nyeupe ambayo Rukaya alikuwa ametoka kuipiga pasi.

Rukaya aliyaona mafuta yakinywewa na kitambaa. Akazisogeza mbali fulana zilizobaki.

"Usinune, mayu," Masanja alimwambia, akicheka kwa pua. "Fulana si zangu? Nanunua zote, chafu na safi."

Bwana huyu, Msukuma, alikuja Mara na rashi ya dhahabu, mwaka ule ardhi ya upande wa Mbalibali ilipoanza kutema na watu wakasahau mahindi shambani. Mambo ya mwaka ule ukisimuliwa utabisha, lakini usibishe. Vinyozi wa Tarime walikuwa wanamnyoa mchimbaji bure, mradi nywele wabaki nazo wakazioshe kwenye karai. Kuku hachinjwi mpaka ukoo mzima uje kukagua firigisi, maana kuna jogoo mmoja wa Issenye alidonoa punje ya dhahabu, na mwenye jogoo hadi leo bado anajenga. Masanja alipata duara lake, shimo zuri, likampa, naye akanenepa. Alinenepa hivi kwamba akipanda nyuma ya pikipiki, taa ya mbele inamulika nyota. Halafu duara likaingia maji, dhahabu ikakata, akaanza kutafuta shimo jingine la kutumbukizia fedha zake.

Shimo alilolipata liliitwa Yassini.

Yassini alikuwa kijana wa Ujiji, mwembamba, mwenye kope ndefu ambazo wasichana wa Tarime walisema amepewa kimakosa, zilikuwa zao. Naye alikuja na rashi, ila wenzake walibeba sururu na yeye kompyuta begani. Walimcheka mpaka wakachoka. Akakaa mjini akitengeneza kompyuta za wanunuzi wa dhahabu, na muda uliobaki akawa anaunda kitu chake mwenyewe, kiunzi cha kutengenezea programu, alichokipa jina la Kenchi. Ukimuuliza ndiyo nini, anakuonyesha paa.

"Unaziona zile mbao zilizobeba bati? Zile ndizo kenchi. Fundi akitaka kutengeneza programu ya duka, ya shule, ya zahanati, hana haja ya kuchonga mbao upya. Mimi nimeshamsimamishia. Yeye aje na bati lake na rangi yake."

Rukaya alimwelewa siku ya kwanza. Masanja alielewa kwamba kitauzwa.

Sasa mafundi wa programu walikuwa wanakaribia kukutana Mwanza, kila mmoja na kazi yake, na kila kazi na kaulimbiu yake ya kuvutia watu, imepigwa kwenye fulana. Kenchi haikuwa na kaulimbiu. Ndiyo maana asubuhi ile watu wanne walikuwa wamejifungia dukani: Masanja mwenye fedha, Yassini mwenye Kenchi, Mzee Abdurahmani mwenye duka, na Rukaya, binti yake, aliyekuwa anasimamia mashine ya kupiga chapa kwenye fulana. Mashine ilishapata moto. Neno lilikuwa bado.

"Andika hili," alisema Masanja, shavu limetuna. "Kenchi: chapa kazi, chota hela."

"Mzee Masanja, wale ni watu wa kompyuta," Yassini alisema kwa upole. "Hawachoti."

"Kila mtu anachota. Haya, hili. Kenchi: ukichelewa utakuta mashimo."

"Mashimo tena?"

"Wewe sema lako basi!"

"Kenchi: jenga haraka, jenga imara."

"Hiyo ya saruji. Ipo kwenye mfuko, nimeikalia mara nyingi."

"Kenchi: fundi amemfikiria fundi."

"Hiyo gundi ya mbao."

Mzee Abdurahmani aliinua macho juu ya miwani yake, mkono bado uko kwenye cherehani. "Mngeanza tu na Bismillahi."

"Mzee, wengine kule hawasali kabisa," alijibu Masanja, akachomoa kipande cha ukano katikati ya meno, akakitazama, akakirudisha mdomoni.

Rukaya aligeukia ukuta. Alipogeuka tena, macho yake yaligongana na ya Yassini, na kwa nukta moja hapakuwa na makongoro wala Masanja. Palikuwa na zile kope tu, zikishuka polepole kama pazia linaloshushwa na mtu asiyetaka kulishusha. Akainamisha kichwa upesi. Baba yake alikuwa na masikio ya kusikia sindano ikianguka, na macho ya kuiona kabla haijaanguka.

Tena Yassini hakuwa mgeni kwake. Alikwishaleta mshenga. Mshenga alikaribishwa, akanyweshwa chai ya maziwa, akarudishwa na salamu tu.

"Hawa wa rashi wanaoa kwa msimu," Mzee Abdurahmani alimwambia mkewe siku ile, kwa sauti ya kutosha kumfikia na binti aliyekuwa jikoni. Alikuwa Mkurya wa Sirari, babu yake alisilimu na hakuacha ng'ombe wake. "Dhahabu ikiisha, na ndoa imeisha. Mtu anarudi kwao, wewe unabaki kulea mjukuu usiyejua kwao wanaamkianaje."

Rukaya alilia siku zile mpaka mama yake akaacha kutia chumvi kwenye mboga, akisema ya machozi inatosha.

"Sikilizeni," Masanja aliweka bakuli chini, akapenga kwa vidole viwili, akavifuta chini ya stuli. "Mimi bila neno sitoi hata nauli. Nataka neno linalonishika hapa." Akajipiga kifua, kikalia kama debe lenye uji. "Likinikosa leo, basi. Kuna mtu Mugumu ana karasha la kusagia mawe, nitaweka fedha yangu kule. Karasha halina kaulimbiu. Linasaga tu."

Uso wa Yassini ulibadilika. Rukaya aliuona ukitoka jasho juu ya mdomo. Alijua kijana huyu alivyokesha kwa ajili ya Kenchi, alivyokula mihogo mikavu akidanganya kwamba anaipenda. Alitamani amsaidie. Angemtungia neno hapo hapo kama angeulizwa.

Yassini akainua macho kwenye dari, akayashusha, akamtazama yeye. Midomo ikacheza. Rukaya akajua kabla halijatoka. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi cha hereni kusogea.

Yassini aliona. Alimwona kabisa.

"Kenchi," akasema taratibu. "Anza na mimi. Mengine yatajijenga."

Msomaji wangu, ni lazima nikurudishe nyuma kidogo, njia ya Issenye, au hutaelewa kwa nini damu ya Rukaya ilisimama.

Alikuwa amepeleka sweta za shule. Yassini alikuwa ametoka huko huko kutengeneza kompyuta. Pikipiki ilikuwa moja, wakapakiwa mshikaki, dereva, begi la kompyuta, Yassini, mfuko wa sweta, Rukaya nyuma kabisa, heshima imetunzwa na begi na mfuko. Katikati ya njia, pancha. Dereva akaisukuma pikipiki kutafuta kiraka, mvua ikashuka, nao wawili wakakimbilia kibanda cha mlinda mahindi, kila mmoja akaegemea nguzo yake.

"Sina nyumba," Yassini alisema, akiitazama mvua. "Sina ukoo hapa. Kazi yangu watu wanaicheka. Baba yako amenirudishia mshenga. Rukaya, mimi nianzie wapi?"

Na Rukaya, ambaye hakuwahi kumwambia mwanamume neno tamu kuliko "karibu tena dukani", alijisikia anasema: "Anza na mimi. Mengine yatajijenga."

Akajifunika uso kwa mtandio. Magoti yalikuwa yanagongana. Yassini hakumgusa. Alikaa chini pale pale kwenye matope kama mtu aliyepigwa, akasema, "Hili neno nitazikwa nalo." Tangu hapo Rukaya alikuwa analitunza ndani yake. Akiwa anashona, akiwa anaosha vyombo, alikuwa anasikia uzito wake kifuani, akatabasamu na sufuria.

Sasa lilikuwa limetoka nje, dukani, mbele ya bakuli la mifupa.

"Rudia," Masanja alisema. Mdomo umeachama, mafuta yanashuka kidevuni.

"Anza na mimi," Yassini alirudia, safari hii kwa sauti ya kupanda, akaacha nafasi katikati, akanyoosha na mkono. "Mengine yatajijenga!"

"Yesu wangu!" Masanja alipiga paja, stuli ikalia. "Limenishika! Anza na mimi! Aaanza na mimi! Ng'wanawane, mwanangu, hili neno ni dhahabu!" Alilisema tena na tena, kila mara na ladha mpya, akilivuta, akilifyonza kama alivyofyonza ule mfupa. Rukaya aliliona likipita kati ya yale meno, lile neno lake, likitoka limepakwa mafuta na mate. Akashika ukingo wa meza ya mashine.

"Hebu tulijaribu kwa wananchi," Masanja alisema, akasukuma mlango kwa mguu. Nje, kijiwe cha bodaboda kilikuwa kimejaa. "Machage! Wewe Machage! Sema, anza na mimi!"

"Nini, mzee?"

"Sema tu, kwa sauti! Ni kaulimbiu!"

Machage hakuhitaji kuombwa mara mbili. Shamsia, binti wa muuza vyombo, alikuwa anapita na beseni kichwani. Machage akasimama juu ya vikanyagio vya pikipiki, akazungusha kiuno, akapiga kelele: "Anza na mimi, mrembo! Anza na mimi!"

"Nianze na wewe, kwani wewe ni kodi?" Shamsia alimjibu bila kugeuka. "Kaoge kwanza!"

Kijiwe kikalipuka. Kila dereva akalitaka. "Anza na mimi, mimi nimeoga!" "Mura, mwache aanze na mimi, huyo breki hana!" Mmoja akafanya kwa mikono ishara ambayo sitaiandika, maana kitabu hiki kinasomwa na watu wazima wenye wazazi.

"Umeona?" Masanja alirudi ndani anatweta kwa furaha. "Hata hawajui ni ya nini, wameshaipenda!"

Mzee Abdurahmani alikuwa amevua miwani. Hakuwa amesikia ya kijiweni, au alichagua kutosikia. Alikuwa anamtazama Yassini.

"Neno zuri hilo," alisema. "Lina adabu ndani yake. Mtu hana kitu, mwenzake anamwambia, anza na mimi." Akatikisa kichwa polepole. "Umelitoa wapi, mura?"

Yassini akajifuta jasho juu ya mdomo. Akamtazama Rukaya, akauacha uso wake haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Nimelitunga mwenyewe, mzee. Nikiwa kazini, usiku. Lilinijia tu."

Lilinijia tu. Rukaya alilisikia hilo likimpanda kooni, chungu, kama nyongo.

"Mimi nilidhani vijana wa kompyuta moyoni mna betri," Mzee Abdurahmani aliendelea. Sauti yake ilikuwa laini, sauti ambayo Rukaya aliisikia kwa nadra. "Nilikukataa, Yassini, sikufichi. Lakini mtu wa msimu hawezi kusema hivi. Hili ni neno la mtu anayejua nyumba ni nini. Yule mshenga wako aliyekunywa chai yangu, mwambie chai ipo, arudi."

Hayo ndiyo maneno ambayo Rukaya aliyaomba kwa Mungu mpaka mkeka wa sala ukachubuka. Na yalikuja hivi, yananuka makongoro.

"Rukaya," baba yake alisema, "piga fulana ya kwanza tuione."

"Naenda kunawa mikono, baba," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Uani palikuwa na pipa la maji, mafungu ya vipande vya vitambaa, na paka mmoja aliyeiba mfupa wa Masanja na kuonekana anaujutia. Rukaya alichota maji, akanawa mikono, akanawa uso, akasukutua mdomo, akatema. Akasukutua tena.

"Ruki!" Yassini alitoka mbio, uso unang'aa. "Umesikia? Baba amekubali! Kwa mdomo wake!"

"Usinisogelee."

"Una nini?"

"Nina kinyaa."

"Na Masanja? Mzoee tu, ndivyo alivyo, anakula kama..."

"Na wewe."

Yassini alisimama. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, halina kazi, kama mgeni ambaye wenyeji wake wameondoka.

"Nilikuwa nimebanwa," akasema. "Umeona mwenyewe. Angeondoka na fedha zake, Kenchi ingekufa. Mimi na wewe tungekufa nayo."

"Uliniona nikitikisa kichwa?"

"Ruki..."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Haya. Nilikuwa naogopa utaniambia hukuniona, nikakuamini."

"Lakini kwani limepungua nini? Neno zuri kama lile, mimi nilitaka dunia ilijue. Nimekupa heshima."

"Umenipa?" Rukaya aligeuka. Matone ya maji yalikuwa bado kidevuni. "Unajua nilivyolisema siku ile? Magoti yangu uliyasikia, kwa sababu uliniuliza kama nina homa. Sijawahi kumwambia mtu neno kama lile na sikujua kama ninalo. Leo Machage analisema kwa kiuno."

"Nitalifuta. Nikifika Mwanza nitaweka jingine."

"Kwenye fulana utalifuta. Kwenye mdomo wa Masanja utaingiza mkono?"

Yassini alicheka, hakupenda, kicheko kilimtoroka. Na Rukaya naye, ndio ugumu wa mapenzi, alisikia pembe ya mdomo wake ikitaka kumfuata. Alimpenda bado. Alimpenda na kope zake na mihogo yake mikavu. Akaubana mdomo.

"Ungeniomba," alisema, chini zaidi. "Ungesema tu, Rukaya, tumekwama, nipe. Ningekupa. Ningekutungia jingine, la kwao, la sokoni. Hilo lilikuwa la kibandani."

"Mbele ya baba yako ningekuomba vipi?"

"Basi niambie sasa. Tuko wawili. Niambie wewe neno hilo, kama nilivyokuambia mimi. Nataka nilisikie kama bado lipo."

Yassini alikaribia hatua moja. Akanyoosha mabega. Akamtazama machoni.

"Anza na mimi," akasema, akatulia. "Mengine yata..."

"Umesikia?"

"Nini? Sijamaliza."

"Umeacha nafasi ya kupigiwa makofi."

Kutoka barabarani, juu ya ukuta, sauti ya dereva mwingine ikapaa: "Anza na mimi, mama mkubwa, Sirari nafasi ya mwisho!" Yassini akafumba macho.

"Nifanye nini, Ruki? Niambie nifanye nini."

"Rudi ndani, umwambie baba ukweli."

"Nimwambie ulisema wewe? Atajua tulikaa wawili kibandani. Heshima yako itakwenda wapi?"

"Heshima yangu umeikumbuka leo tu."

"Sikiliza." Alikuwa anaharakisha sasa, sauti imekuwa ya mtu anayepanga bei kabla duka halijafungwa. "Sikiliza, mpenzi. Tumefika. Atakuita, atakuuliza kama umeridhia. Wewe usiseme chochote. Kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake, kila mtu anajua. Nyamaza tu, basi. Tukishaoana utanitukana miaka yote, nitakaa nisikilize. Leo nyamaza tu."

Rukaya alimtazama kama mtu anayeangalia chakula alichokipenda, akakuta unywele.

"Neno langu umelichukua," alisema. "Sasa unataka na kimya changu."

Akajifuta uso kwa mtandio, akampita, akaingia ndani.

Dukani, Mzee Abdurahmani alikuwa ameshakunja kitambaa cha cherehani na kuvaa kofia yake. Alikuwa amekaa wima, kama anavyokaa mtu mwenye jambo. Masanja alikuwa ameagiza bakuli jingine.

"Kaa hapa, mwanangu," mzee alisema. "Si mahali pake, lakini jambo la heri halingoji sebule. Mambo mengine yatafuata njia yake, mshenga, mama yako, ami zako. Mimi nataka kitu kimoja tu, nisije nikampa mtu neno langu bila lako. Huyu Yassini unamjua. Nilimkataa, leo nimemkubali. Umeridhia?"

Yassini alisimama mlangoni, mikono imeshikana kifuani.

Rukaya alikaa, akafungua mdomo. Harufu ya makongoro ikamwingia, na harufu ya mashine ya chapa, na ya jasho la Masanja, vyote pamoja. Akaufunga. Akainamisha kichwa. Nje walikuwa bado wanalipigia kelele lile neno.

Uso wa baba yake ukaanza kufunguka. Masanja aliuona, akapiga makofi, mchuzi ukaruka.

"Amenyamaza! Hongera, mzee! Mwali amenyamaza! Hongera, bwana harusi!"

"Sijanyamaza," Rukaya alisema. "Nilikuwa nameza mate."

Makofi yakakatika.

"Baba, sitaki."

"Hutaki?" Mzee Abdurahmani alivaa miwani, kana kwamba hakusikia vizuri kwa kukosa miwani. "Si huyu uliyemlilia mama yako mpaka tukala mboga bila chumvi?"

"Ndiye."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna mwingine, baba."

"Basi ni nini?"

Yassini alikuwa anamwangalia kwa yale macho. Hakuwa anamtishia, alikuwa anamwomba, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Angeweza kusema bado sijawa tayari. Angeweza kusema nataka kusoma kwanza. Wazazi wa Tarime wameshazoea uongo wa namna hiyo, wanalo kabati lake. Lakini ukweli ungemwagika na yeye mwenyewe ndani yake, njia ya Issenye, kibanda, mvua na kila kitu, na baba yake asingemtazama tena kwa jicho la jana.

"Lile neno hakulitunga," alisema. "Nilimwambia mimi. Pikipiki ilipata pancha njia ya Issenye, mvua ikanyesha, tukakaa kwenye kibanda. Hakunigusa. Aliniuliza aanzie wapi, nikamwambia hivyo. Ni langu."

Mzee Abdurahmani hakumtazama. Alimgeukia Yassini.

"Ni kweli, mura?"

Yassini alishusha mikono. "Ni kweli, mzee."

"Uliniambia lilikujia usiku."

Yassini alilitazama begi lake.

Mzee aliokota uzi mmoja kwenye goti la suruali yake, akauzungusha kwenye kidole.

"Hapa kwetu wezi wa ng'ombe tumewaona," akasema hatimaye. "Wa huku wanapeleka kule, wa kule wanaleta huku. Tumewafukuza, wametufukuza, wengine ni mashemeji zetu leo. Lakini mtu wa kuingia kwenye zizi langu, akatoa ndama wangu, kisha akaniletea ndama huyo huyo mlangoni akisema ni mahari ya binti yangu..." Akakata ule uzi. "Huyo sikuwahi kumwona. Na mimi, mtu mzima, nikamsifu ndama!"

"Mzee, nisamehe."

"Mimi si wa kwanza kuombwa hapo."

Yassini alimgeukia Rukaya. Midomo ilicheza, kama ilivyocheza kabla ya lile neno, ila safari hii hakikutoka kitu. Akachukua begi lake la kompyuta pembeni ya meza. Alipompita, bega lake lilikuwa karibu kiasi kwamba Rukaya alisikia harufu ya ile sabuni yake ya mche, na mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe kutoka mapajani. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaurudisha, akaukalia.

Mlango ukafunguka, ukafungwa.

"Na wewe," baba yake alisema, bado hajamtazama, "habari ya pancha tutaizungumza nyumbani, mama yako akiwepo."

"Ndiyo, baba."

Hapakuwa na sauti nyingine dukani ila ya Masanja, aliyekuwa anatafuna polepole kwa heshima, kama mtu aliye msibani. Alimeza. Akajifuta mdomo kwa kiganja, kiganja akakifuta kwenye goti. Akakohoa kidogo.

"Poleni sana," alisema. "Kwa kweli poleni, ni mambo ya dunia. Ila jamani, msinielewe vibaya, mimi fulana zangu zinasubiri. Lile neno, tunalo au hatunalo?"

Mzee Abdurahmani alifumba macho. Rukaya alimgeukia Masanja, akamtazama kile kidevu kinachong'aa, akajifunga mtandio vizuri.

"Chukua, Mzee Masanja," alisema. "Mimi nimeshalitema."